Maji ya Baraka Kinywani mwa Kiboko

Jamani mliokaa!

— Tumekaa!

Masikio mmekuja nayo?

— Mawili mawili!

Na midomo?

— Tumeifunga!

Ifungueni. Leo nataka watu wa kunijibu, sitaki magogo. Na kama mnangoja niseme utamu ukolee, mtangoja sana. Leo haukolei. Leo koo langu lina shubiri, na ngano hii nitaisimulia hivyo hivyo, asiyeitaka akalale.

Hapo zamani wanyama walikuwa na shule kando ya mto, na shule ilikuwa na shamba. Shamba hilo halikuwa la mwalimu, wala la kamati, wala la yeyote mwenye tumbo. Lilikuwa la wazee. Wazee wenyewe ndio waliolifyeka, enzi wana meno na magoti, wakasema: "Hapa wajukuu wetu watajifunza kulima. Na sisi tukishindwa kulima, watatulimia." Basi. Neno ndilo hilo, fupi, hata kifaranga analielewa.

Kila msimu watoto wa shule walilima, kwa! kwa! kwa! Wakapanda, ti! ti! ti! Wakapalilia, cha! cha! cha! Wakavuna mahindi, wakavuna kunde, wakachimba viazi. Kisha ikafika Siku ya Mavuno.

Siku ya Mavuno ilikuwa na desturi yake, nisikilizeni vizuri. Kigoda kinawekwa uwanjani. Anakalishwa mzee kuliko wote. Anapewa maji ya mto, anapiga funda moja, hamezi, hatemi, analishika mashavuni. Hapo watoto wanapita mbele yake na makapu, mmoja mmoja, wanayapeleka nyumbani kwa wazee wote, hasa wale wasioweza kutoka. Kapu la mwisho likishafika, kengele inalia, na mwenye kigoda anawapulizia watu yale maji, pwaaa! Ndiyo baraka hiyo. Ndipo analimbua: anayaonja mazao mapya kabla ya mtu mwingine, anakula atakavyo, na hakuna wa kumwambia basi. Wengine wote wanakula baada yake.

Na sharti lilikuwa moja. Mwenye kigoda akiyameza yale maji, au akiyatema kabla kapu la mwisho halijafika, mto unamkataa. Haogi, hanywi, hata kuchungulia hachungulii. Mmeelewa?

— Tumeelewa!

Haya. Mzee kuliko wote alikuwa Bibi Nungu. Miiba ilikuwa imempukutika, macho yameingia ukungu, meno yamebaki mawili, moja juu kushoto, jingine chini kulia, hayajawahi kuonana. Lakini ni yeye aliyewafundisha wanyama wote kuchagua mbegu. Kila punje iliyootea pale, mama yake alipita mikononi mwa Bibi Nungu.

Sasa ngojeni nivute pumzi. Kulikuwa na Kiboko.

Kiboko alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule. Hakuna aliyekumbuka alichaguliwa lini. Alikalia kiti, na watu wakaona taabu kumwinua. Akitembea, ndi! ndi! ndi! Akipiga mwayo, jua linaona haya. Na huyu Kiboko, mara tu alipokalia kile kiti, akasema: "Mahindi yakikaa shuleni yataliwa na fukusi. Leteni kwangu nihifadhi."

Wakapeleka.

Akasema: "Kunde zikikaa shuleni zitaota ukungu. Leteni kwangu nihifadhi."

Wakapeleka.

Akasema: "Viazi vikikaa shuleni vitachipua. Leteni kwangu nihifadhi."

Na hivyo navyo?

— Wakapeleka!

Wakapeleka! Ghala lake lilikuwa la mawe, mlango wa mninga, kufuli kama kichwa cha mbuzi. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba, hata akioga hauvui.

Mtasema aliifuta Siku ya Mavuno. Thubutu! Hakuifuta, aliipamba. Alileta hema. Alileta meza kuu yenye kitambaa na maua. Wazee waliburutwa kutoka majumbani kwao, wakakalishwa mstari wa mbele, juani, ili waonekane. Hema lilikuwa la wageni. Kiboko akasimama na risala yake: "Wazee ni hazina!" Pa! pa! pa! Makofi. "Wazee ni tunu!" Pa! pa! pa! "Bila wazee tusingekuwepo!" Pa! pa! pa! pa! pa!

Kisha makapu yakapita mbele ya Bibi Nungu. Makapu? Kapu! Lilikuwa moja tu, lina majani ya mgomba chini na magunzi machache juu. Mtoto analipitisha mbele, analizungusha nyuma ya hema, anampa mwenzake, naye analipitisha tena. Bibi Nungu na macho yake ya ukungu amekaa pale, mashavu yamejaa maji, anahesabia baraka kapu lile lile, na moyo wake mweupe. Na Kiboko? Wakati huo Kiboko alikuwa ameshakula sahani zote za meza kuu, amelala kitini, tumbo limeangalia mbingu. Desturi yenyewe hakuwahi kuiona hata mwaka mmoja. Alijua ule mwisho tu, ule wa kula bila kuambiwa basi, maana harufu ya chakula ilimwamsha.

Mwaka uliopita Mzee Kuro alipigiwa makofi siku ya Ijumaa. Akavishwa shada la maua. Jumatatu akafa. Njaa. Waliokwenda kumwosha walikuta chungu chake kikavu, buibui ametanda ndani. Shada lilikuwa bado liko shingoni. Kiboko akaja mazikoni, akasoma risala.

Na wanyama wakapiga makofi hata mazikoni. Wakapiga! Nasema kana kwamba mimi sijawahi kupiga makofi kwenye hema la mtu. Nimepiga. Kwa mikono hii hii. Na wewe unayeangalia chini hapo, umepiga.

Basi, kulikuwa na Pimbi.

Pimbi alikuwa mpishi wa shule. Mdogo, mfupi, mkia hana. Lakini sauti anayo, akipiga ukelele ng'ambo ya mto wanageuka. Kila alasiri alikwangua ukoko wa sufuria, akaufunga kwenye jani, akampelekea Bibi Nungu kule kwake juu, kwenye majabali. Siku moja, mavuno yakiwa yamekaribia, akamkuta Bibi ameketi mlangoni, jiko limepoa.

"Pimbi, mwanangu," Bibi Nungu akasema, "shamba la watoto limekujaje mwaka huu?"

"Limestawi, Bibi."

"Hata mwaka jana lilistawi. Makapu yalipita mengi mbele yangu, mengi mno. Langu tu ndilo halikufika." Akapapasa jani la ukoko. "Nadhani lilipotea njia. Huku juu ni mbali, na watoto wa siku hizi hawapajui kwangu. Kosa ni langu, sikuwaelekeza."

Mnasikia? Kaibiwa yeye, na anajilaumu yeye! Pimbi akasikia hasira zinampanda kutoka kwenye kucha mpaka masikioni.

"Mwaka huu litafika, Bibi."

"Usiniapie, mwanangu. Mimi nakwambia wewe tu, usiwaambie watoto wakahuzunika. Mwaka huu kapu lisipofika, mvua nyingine siioni."

Pimbi akashuka mbio mpaka kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu alikuwa Korongo, miguu mirefu, shingo ndefu, uti wa mgongo hana.

"Mwalimu, fungueni ghala. Wazee wanakufa."

Korongo akainua mguu mmoja, akafikiri. "Mama Pimbi, mambo yana utaratibu. Andika barua ya malalamiko. Itapita kwangu, mimi nitaifikisha kwa Mwenyekiti."

"Barua ya kumlalamikia Mwenyekiti, iende kwa Mwenyekiti?"

"Ndiyo utaratibu."

Pimbi akamtazama kuanzia kwato... ah, hana kwato huyo. Akamtazama kuanzia kidole mpaka mdomo, akasonya, nyooo! Akaondoka.

Akakaa jikoni. Akawaza. Akakoroga sufuria, akawaza tena. Kisha akajifuta mikono, akapaka uso tabasamu, akaenda kwa Kiboko.

Kiboko alikuwa amelala nusu majini, nusu nje.

"Mwenyekiti, nimekuja na maneno ya watu."

"Watu wanasemaje?"

"Wananong'ona. Wanasema ghala la Mwenyekiti limejaa mpaka panya wanatoka kwa kukosa nafasi. Wanasema Mwenyekiti anakula kwa kujificha, kama mwizi."

"Mimi? Mwizi?" Kiboko akafura.

"Ndiyo maana moyo unaniuma. Mtu mkubwa kama wewe unakula ukitazama mlango! Mbona usile hadharani, mchana kweupe, na watu wanakupigia makofi?"

Sikio la Kiboko likasimama. "Nile vipi hadharani?"

"Si kuna kigoda? Mwenye kigoda hulimbua. Anakula atakavyo. Nani wa kumwambia basi?"

"Hakuna," Kiboko akasema, mate yanamdondoka, do, do, do. "Lakini kigoda ni cha mzee kuliko wote. Ni cha yule kibibi cha miiba."

"Mwenyekiti! Uzee nani anaupima? Wewe ulipozaliwa, yupi hapa alikuwepo?"

Kiboko akawaza. Kuwaza kwake kulichukua muda. "Hakuna!" akasema. Akacheka, ho! ho! ho! mpaka maji yakapanda ukingoni. "Mimi ndiye mzee!"

"Wewe ndiye mzee. Ila sasa, mzee analimbua kilichopo uwanjani. Kilicho ghalani hakilimbuliwi."

"Basi nakitoa! Nakitoa chote!" Kisha uchoyo ukamkumbusha jambo. "Nusu. Nusu ibaki."

"Mwenyewe unajua," Pimbi akasema, akainama, akaenda zake. Njiani alitema mate.

Siku ya Mavuno ikafika. Hema likasimama. Kiboko mwenyewe akafungua ghala, akatoa magunia, ndi! ndi! ndi! akayarundika uwanjani. Watoto wakakodoa macho tu. Mahindi waliyoyalima wenyewe walikuwa wameyasahau sura. Na mtoni viboko wengine walikuwa wametoa vichwa, wanaangalia. Lile bwawa zuri la Mwenyekiti, lenye kivuli na tope laini, walilitamani siku nyingi.

Kiboko akasimama mbele ya kigoda.

"Mwaka huu nakaa mimi! Mimi ndiye mzee kuliko wote! Mto huu ulinikuta!"

Bibi Nungu akageuza uso wake kuelekea sauti ile. "Wewe? Mama yako nilimwogesha mimi, akiwa na kitovu kibichi."

Pimbi akamshika mkono, akamwinamia sikioni. "Bibi, nakuomba. Mwachie."

Bibi Nungu akajikokota, akakaa pembeni. Mdomo ulikuwa unamtetemeka, na si kwa uzee.

"Mwalimu Mkuu," Kiboko akanguruma, "mimi ni mzee au si mzee?"

Korongo akainamisha shingo mpaka chini. "Ni mzee, Mwenyekiti. Mzee sana. Imepitishwa."

Kiboko akakaa. Kigoda kikalia, kriii!

"Leteni chakula!"

"Maji kwanza, mzee," Pimbi akasema.

"Maji ya nini?"

"Ya kinywa cha kulimbua. Desturi. Funda moja tu."

"Haya, haya, upesi!"

Akaachama. Sasa jamani, funda la Bibi Nungu ni kikombe. Funda la Kiboko ni pipa. Pimbi alikuwa ameliandaa tangu alfajiri. Wakalimimina, gulu gulu gulu gulu, mashavu yakajaa huku, yakajaa kule. Kiboko akafunga mdomo, pam! Hapo ndipo Pimbi alipopanda juu ya gunia, akapiga ule ukelele wake:

"Jamani sikieni! Na mlio mtoni sikieni! Mzee ameshika maji! Akiyameza, mto unamkataa! Akiyatema kabla ya kapu la mwisho, mto unamkataa! Sasa watoto, bebeni makapu, pelekeni kwa wazee!"

Macho yalimtoka Kiboko. Akageuza jicho moja mtoni. Viboko wenzake walikuwa wamesogea karibu, wanatabasamu.

Watoto nao hawakungoja kuambiwa mara mbili. Wakajaza makapu halisi, mazito, wakaanza kupita, wanaimba:

Kapu langu, kapu,
usilale njiani,
bibi yuko nyumbani,
jiko halina moshi.

Likapita kapu la mahindi.

"Mzee, hili liende kwa wazee?"

"Mmm!" Kiboko akatikisa kichwa.

"Amesema liende!" Pimbi akapaza sauti. Likaenda.

Likapita kapu la kunde.

"Mzee, hili nalo liende?"

"Mmm! Mmm!" Akapiga mguu chini, ndi!

"Amesema mbona mnachelewa!" Likaenda mbio.

Likapita kapu la viazi, vile vyekundu, vitamu, anavyovipenda kuliko vyote. Chozi likamtoka.

"Mzee, na hili?"

"Mmmmmmmm!"

"Amesema mjaze zaidi, wazee wasipungukiwe! Jamani, huyu mzee ana huruma, angalieni machozi!" Na watu wakampigia makofi. Pa! pa! pa!

Kiboko kwa ghadhabu akawa anatupa kichwa huku na huku, na ufunguo shingoni unaruka, cheng! cheng! cheng!

"Eh! Mnaona anavyoutikisa?" Pimbi akasema. "Mzee anasema ile nusu iliyobaki ghalani nayo itoke. Ahsante, mzee." Akamparamia, akauvua ufunguo taratibu. Kiboko amfanyeje? Ampigie kelele kwa mdomo upi? Nusu ya pili ikatoka, gunia kwa gunia, ikapita mbele ya pua yake. Kwa mjane wa Kuro. Kwa Babu Kakakuona asiyeinuka kitandani. Kwa yule Punda kipofu wa kule bondeni. Kila nyumba yenye jiko lililopoa.

Jua likapanda. Jua likapita utosini. Makapu yakaisha yote likabaki moja, la Bibi Nungu, la kule juu majabalini. Ngedere mmoja wa darasa la sita akalinyanyua akimbie nalo.

"Ngoja," Bibi Nungu akasema. Akasimama kwa mkongojo wake. "Mwaka jana lilipotea njia. Mwaka huu nakwenda nalo mwenyewe."

"Bibi, tukubebe," watoto wakasema.

"Sibebwi. Nimebebwa vya kutosha kuletwa kwenye hema."

Akaanza kutembea. Hatua moja, tik. Akapumzika. Hatua nyingine, tik. Akapumzika. Ngedere nyuma yake na kapu kichwani, kwa adabu, hampiti.

Na Kiboko? Maji yameshapata moto kinywani. Mashavu yanatetema. Na hapo, jamani, nzi akaja. Zzzz. Akatua puani. Akatembea. Akaingia tundu la kushoto, akachungulia, akatoka, akaingia la kulia.

Kiboko akaanza. "Hhh..." Macho yakafumba. "Hhhhh..."

Pimbi akapiga hesabu haraka. Kiboko akipiga chafya sasa, atapoteza mto, sawa, lakini atapata mdomo. Na kwa mdomo ule angenguruma mara moja tu, Korongo angekimbia, watoto wangetawanyika, na lile kapu lingedondoka pale pale njiani. Na mvua nyingine Bibi Nungu asingeiona.

Tik. Bibi anapumzika. Tik.

"Hhhhhh..."

Pimbi akaruka, akamdaka nzi yule kwa mkono mmoja, akamfinya. Kiboko akapumua kwa pua, fyuuu. Watu wote walikuwa wamesimama, hakuna anayekula, hakuna anayesoma risala, wote shingo juu wanamtazama ajuza mmoja anapanda jabali. Tik. Tik. Akafika mlangoni. Akaushika mlango. Ngedere akatua kapu ndani, puu!

Nge! nge! nge! nge! Kengele!

Pwaaaaaaaa!

Maji yakaruka kama bomba limepasuka. Meza kuu ikapinduka, kitambaa kikaenda na maua, wageni wakalowa, Korongo akaanguka miguu juu. Mwenye kutaka baraka na asiyetaka, wote waliipata.

"Wezi!" Kiboko akanguruma. "Rudisheni mali yangu! Leteni ufunguo! Naitisha kamati!"

"Mzee, tulia," Pimbi akasema. "Mzee kwetu hashiki ufunguo, tunamshikia. Mzee haendi kwenye kamati, anapumzika. Kiti cha Mwenyekiti tumekitoa, kisikuchoshe. Watoto, msalimieni mzee!"

Na shule nzima, kuanzia darasa la kwanza: "Shikamoo, babu!"

"Mimi si babu yenu! Mimi si mzee!"

"Si mzee?" Pimbi akauliza, taratibu kabisa. "Kumbe kigoda ulikikalia kwa uongo, na maji ya mto ukayashika kwa uongo?"

Mtoni, viboko wakainua vichwa vyote kwa pamoja.

Kiboko akaangalia mto. Akaangalia watoto. Akameza mate.

"Shikamoo, babu!" watoto wakarudia.

"Ma... marahaba."

"Kwa sauti, babu, huku nyuma hatukusikia!"

"MARAHABA!"

Ndipo Pimbi akamletea limbuko lake. Bakuli moja la uji, mwepesi, bila chumvi, maana mzee hatafuni. "Kula utakavyo, mzee," akamwambia. "Hakuna atakayekuambia basi." Na kuanzia msimu ule bakuli hilo lilimfikia kila siku, na watoto walisimama wanamwangalia mpaka alimalize, kwa heshima.

Sasa mngependa niishie hapo, eh? Mmecheka, mmefurahi. Siishii hapo.

Korongo alipojipangusa matope, jambo la kwanza aliloliona ni kwamba ratiba haijakamilika. Akapanda majabali na makaratasi yake yaliyolowa, akamkuta Bibi Nungu amewasha jiko, sufuria inachemka, tukutuku, tukutuku. Bibi alikuwa anakula kunde zilizopondwa, polepole, kwa yale meno yake mawili.

"Bibi," Korongo akasema, "wageni bado wapo. Tunakuomba ushuke utoe neno la shukrani kwa niaba ya wazee."

Bibi Nungu akameza. Akachota tena.

"Nimshukuru nani?"

"Shule, Bibi. Kamati. Wafadhili wa hema."

"Kwa chakula kipi? Hiki kilichotoka kwenye shamba nililolifyeka mimi, kwa mbegu nilizozichagua mimi, kikakaa miaka kwenye ghala la mwingine, nimshukuru nani?"

Korongo akainua mguu mmoja, akafikiri. Bibi Nungu akaendelea kula, na alipomaliza akafunga mlango.

Basi kila ngano na funzo lake, mtoto asiende nyumbani mikono mitupu. Funzo la ngano hii ni kwamba mheshimuni mwenyekiti wenu, jengeni mahema makubwa, na wazee wapigieni makofi, maana makofi yana lishe. Na kama mmekusudia kuiba chakula cha wazee, wanangu, kiibeni mkiwa vijana. Msije mkajiita wazee mkaonja mnayowafanyia.

Nimeutua mzigo wangu!

— Tumeupokea!

Ni mwepesi?

— Ni mzito!

Basi msiukalie. Kila mmoja wenu anajua mlango ambao jiko lake limepoa.